Besi Nyuma ya Magoti

Nyenje alianza kulia usiku mmoja tulipotoka Ahero. Tulikuwa tumepiga matangani kuanzia saa tatu usiku hadi majogoo, tukarundika vyombo juu ya pikapu, nikafika kwangu Nyalenda jua likichungulia. Nilipojilaza tu nikamsikia: nyenje mmoja, sauti nyembamba isiyokata, upande wa kulia. Nikainuka nikainama kuchungulia chini ya kitanda. Mama watoto akauliza natafuta nini.

"Nyenje."

Akatulia kidogo, akasikiliza. "Nyenje gani? Humu hamna kitu kinacholia."

Nikamwambia basi yeye ndiye hana masikio. Nikalala. Hiyo ni miaka sita iliyopita, na nyenje hajahama.

Mimi ni mpiga besi. Nimepiga benga, muziki wa magitaa wa Waluo, Kisumu na pembeni zake kwa miaka 16: vilabu vya Kondele, harusi za Mamboleo, matanga ya Ahero na Awasi, na harambee za kanisa ambako unalipwa soda na sala. Kwa asiyeijua benga, besi kwetu si kitu cha kujificha nyuma ya dramu. Inaongea. Solo ikiuliza, besi inajibu, fupi fupi, kwa kurukaruka. Wazee husema gitaa la benga lilifundishwa kutembea na nyatiti, kinubi cha Waluo, na ukikaa karibu na mpiga nyatiti, nyuzi zake nane na pete ya chuma kwenye kidole cha mguu ikigonga chombo chenyewe, utaona wana haki ya kusema hivyo. Nyuzi zake nene hazivumi tu, zina maneno. Sasa mpiga besi wa benga asiyejisikia ni sawa na mtu anayeendelea kusimulia huku simu imeshakatika.

Nami nilikuwa sijisikii.

Jukwaa letu mara nyingi ni udongo na turubai juu. Nilikuwa nasimama upande wa mkono wa kushoto wa mpiga dramu, karibu na yale matoazi mawili anayoyafungua na kuyafunga kwa mguu, ili niyaone vizuri na tushike mwendo pamoja. Toazi lake kubwa, lile la kupigwa wimbo unapogeuka kuingia sebene, ile sehemu ya magitaa na kucheza, lilining'inia usawa wa shavu langu la kulia. Boksi la spika, lenye spika moja ya inchi 15, lilikaa chini, hatua moja nyuma yangu. Lilikuwa linatazama magoti.

Siku ile ya Ahero mzee mmoja alitoka nyumba ya jirani, akapasua katikati ya wachezaji na fimbo yake, akaja hadi mbele yangu.

"Nyinyi vijana, sufuria zangu zinacheza zenyewe kabatini."

"Jaduong', mbona mimi hata sijisikii hapa?"

"Basi njoo usikilizie kwangu."

Nikampa mpiga rizimu gitaa langu, nikamfuata. Mlangoni kwake, hatua kama 60 kutoka turubaini, sikusikia wimbo wowote. Nilisikia mvumo mtupu, kama lori linalongojea kuondoka. Na kweli, kifuniko cha sufuria kilikuwa kinatetemeka. Nikaomba msamaha, nikarudi, nikashika gitaa na tena sikusikia kitu.

Ilinichukua muda kuelewa, ingawa jambo lenyewe ni rahisi. Kamba nene ya besi, ile ya E, hutetema mara 41 hivi kwa sekunde, na wimbi lake moja lina urefu wa zaidi ya mita 8. Wimbi refu namna hiyo halijui mbele wala nyuma ya spika. Linazunguka boksi, linapita turubai, linamfuata mzee hadi kabatini. Lakini kile kinachokuambia hii ni noti gani na imeanza lini, yaani mguso wa kidole kwenye kamba pamoja na zile sauti za juu zinazoifuata noti, hicho hutoka mbele ya spika kimenyooka kama mwanga wa tochi. Tochi yangu ilikuwa inamulika magoti. Masikio yalibaki gizani, na mtu akiwa gizani hutafuta nobu ya sauti.

Nikafanya kosa la kila mpiga besi: nikatafuta mashine kubwa zaidi. Niliuza pikipiki, nikaacha amplifaya ya wati 100, nikanunua ya wati 200. Nilitegemea kwamba besi sasa itakuwa mara mbili. Nikaiwasha kwa mbwembwe, nikashusha mkono kwenye kamba, na mpiga solo akaniuliza kama nimeshaiwasha. Fundi mmoja wa mitambo ndiye aliyenieleza baadaye, bila hata kunionea huruma, kwamba kuzidisha wati mara mbili kunakupa desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), tofauti ambayo sikio huitambua kwa shida. Ili sauti ionekane imekuwa mara mbili unahitaji kama desibeli 10, na desibeli 10 maana yake ni wati mara kumi. Ningehitaji wati 1,000. Na pikipiki nilikuwa na moja.

Sikukoma. Kama wati hazitoshi, nikasema, tuongeze maboksi. Nikaazima maboksi mawili, nikayaunganisha na langu, yote matatu kwenye amplifaya moja. Kila boksi lilikuwa na omu 8, yaani ukinzani wake kwa umeme. Mawili yakiunganishwa sambamba yanakuwa omu 4, matatu yanashuka hadi chini kidogo ya 3, na nyuma ya mashine yangu paliandikwa waziwazi isishushwe chini ya 4. Paliandikwa, ila nani husoma nyuma ya mashine saa mbili usiku watu wakishaanza kukaa? Ilipiga nyimbo tano, na lazima niseme zilikuwa tamu. Wimbo wa sita ikatoa harufu ya plastiki na vumbi vikikaangwa pamoja, kisha kimya. Nililipia ukarabati kidogo kidogo mpaka Krismasi.

Dawa nililetewa na mvua. Tulikuwa Kondele, maji yakaingia ukumbini, na mhudumu, kwa kuogopa stima, akainua boksi langu akaliweka juu ya makreti mawili ya soda. Kreti moja lilikuwa limevunjika upande, basi boksi likakaa limeinua uso kidogo. Nilipogusa kamba ya kwanza niligeuka ghafla, nikidhani kuna mtu amesimama nyuma yangu. Nilikuwa mimi. Kila kidole kilisikika, hata vile vya uvivu. Kabla wimbo haujaisha nilikuwa nimeshusha sauti karibu nusu, na kijana wa miksa, ambaye kwa miaka miwili alikuwa na neno moja tu kwangu, "shusha", akaniinulia kidole gumba kutoka upande wa pili wa ukumbi.

Tangu hapo natembea na kreti. Konda wa matatu ananidai chupa. Kuinua boksi kunafanya kazi mbili: kunaleta ile tochi kwenye sikio, na kunalitoa boksi kwenye sakafu, ambayo huzidisha mvumo. Ukuta nao huzidisha, na kona ndiyo mbaya kuliko vyote. Niliwahi kupiga katika kumbi za wageni nikiwa nimebanwa kona na kulaumiwa kwa sauti ambayo nusu yake ilikuwa ya jengo. Nikajifunza pia kupunguza zile sauti za chini kabisa na kupandisha za kati, kama hezi 500 hadi 800, yaani mitetemo kwa sekunde. Ukiwa peke yako chumbani sauti hiyo inachukiza, ni kama mtu mwenye mafua. Katikati ya bendi ndiyo inayopita. Wengi wetu hutengeneza sauti yetu nyumbani tukiwa peke yetu, nene na tamu kama uji, halafu jukwaani tunashangaa imemezwa na nani. Ukumbi ukiwa mkubwa, mimi hupeleka waya kwenye miksa, maspika makubwa ya nje yahudumie watu. Boksi langu ni la kunisikilizisha mimi na dramu.

Hapo nilidhani nimemaliza. Besi inasikika, mzee wa sufuria amelala, kijana wa miksa ananipenda. Lakini nyenje alikuwa bado yupo.

Na kulikuwa na mambo mengine madogo. Pale sokoni Kibuye mama wa nyanya aliniambia bei, nikampa shilingi 90, akanirudishia 30. "Baba, nimesema sitini." Tukacheka. Wiki iliyofuata ikawa hivyo hivyo kwa vitunguu, na safari hii mimi sikucheka. Sitini, tisini: ukiondoa ile S na ile T, hayo ni neno moja. Nyumbani binti yangu mdogo alianza kuniuliza, "Baba, hunisikii ama hutaki?" Swali hilo mtoto hapaswi kumuuliza baba yake, ila alikuwa na sababu. Sauti yake nilikuwa naipata, maneno ndiyo yalikuwa yananitoroka. Nikiwa kwenye kelele za watu, sahani na vijiko, nilikuwa naitikia kwa kutikisa kichwa tu na kuomba Mungu lisiwe swali.

Kilichonidanganya ni kwamba besi nilikuwa naisikia safi. Radi juu ya ziwa naisikia. Lori likigeuka mbali naisikia. Mtu anayepata noti zote za kamba ya E utamwambiaje masikio yake yanakufa? Sikujua kwamba kelele hazianzii chini. Hata sauti nene zikizidi, sikio huanza kuharibika kule juu, hezi 3,000 hadi 6,000, ndiko zinakokaa S na F na SH. Mpiga besi anaweza kuwa ameshapoteza nusu ya maneno ya mkewe na bado akajisifu kwa masikio.

Nilikwenda kupimwa baada ya mama watoto kunilipia mwenyewe na kunipeleka mwenyewe. Wanakukalisha kwenye kijumba kidogo chenye kimya cha ajabu (nyenje alifurahi sana humo), wanakuvisha spika za masikioni, na kila ukisikia mlio unabonyeza kitufe. Kwa muda mrefu nilikuwa sibonyezi. Nikaanza kubonyeza kwa kubahatisha, kama mwanafunzi, na yule bwana akaniambia kwa upole nisibahatishe.

Kisha akanionyesha mchoro. Kwenye sauti nene mstari ulikwenda tambarare kama uwanda wa Kano. Ulipofika hezi 4,000 ukaporomoka kama mtu aliyeteleza kutoka milima ya Nandi, halafu ukainuka kidogo mwishoni. Sikio la kulia lilikuwa baya zaidi ya la kushoto.

"Unafanya kazi kwenye kisiagi cha unga?"

"Hapana. Mimi ni mpiga besi."

Akautazama tena mchoro. "Na kulia kwako husimama nani?"

"Mpiga dramu."

Akaguna. Hakuuliza lingine.

Kwa hiyo si besi peke yake, na si mwenzangu wa dramu peke yake pia, ingawa nilitamani sana kumlaumu. Ulikuwa mnada. Mimi nisipojisikia napandisha. Nikipandisha, dramu anapiga kwa nguvu zaidi. Dramu akizidi, solo anapandisha, mwimbaji anamfokea kijana wa miksa, na mimi sasa nimepotea tena, napandisha. Mnada usio na mnunuzi, na boksi langu la magotini ndilo lililokuwa linafungua bei.

Yule bwana alinieleza kwamba ndani ya kila sikio mtu huzaliwa na vinyweleo kama 15,000 vya kupokea sauti, basi. Havioti upya. Alivifananisha na nyasi, nami kwa kuwa nimekulia shamba nikaelewa mara moja: ukikanyaga nyasi mara moja, asubuhi zimeinuka. Ndiyo maana baada ya kupiga masikio huziba, ukilala yanafunguka, unasema mambo ni sawa. Ukikanyaga papo hapo kila Ijumaa na kila Jumamosi, panakuwa njia. Akanisimulia pia kwamba mwaka 2009 watafiti wawili wa Boston, Sharon Kujawa na Charles Liberman, walionyesha kwa panya kwamba hata kipimo kinaporudi sawa, viungio vinavyounganisha seli za vinyweleo hivyo na mishipa ya fahamu vinaweza kuwa vimeshakatika. Kwamba mambo ni sawa asubuhi, basi, hakunipi tena usingizi.

Halafu akachukua karatasi akaandika 85. Hizo ni desibeli ambazo taasisi moja ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inasema mtu anaweza kuzikalia saa 8 kwa siku. Kila ukiongeza 3, muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, ukifika 100 unabakiwa na dakika 15. Kanuni za Kenya za kelele kazini za mwaka 2005 zinaruhusu 90 kwa saa 8, na mwenye kisiagi akizidisha anatakiwa awakinge wafanyakazi wake. Sisi tunakesha kwa malipo, tunabeba vyombo migongoni, tunagombania advansi, lakini hakuna aliyewahi kufikiri kwamba jukwaa ni mahali pa kazi.

Nilipakua programu ya kupimia sauti kwenye simu. Simu si kipimo cha mahakamani, lakini mazoezini, pale niliposimama, ilicheza kwenye 101. Cha kuchekesha, dramu ikinyamaza nikapiga besi peke yangu hadi suruali ikatikisika, ikashuka kwenye sabini na kitu. Nilidhani imeharibika. Kumbe kipimo kinachotumika sana hupunguza makusudi sauti nene, kwa sababu sikio nalo haliziitikii sana. Kwa hiyo mpiga besi asiichukue namba hiyo kuwa hati ya usafi.

Kuhusu vizibo vya masikio nitasema niliyoyaona. Pamba ni bure. Inakupa moyo tu. Vile vya sponji vya bei ya chini vinazuia sana ukivivaa sawasawa: unakisokota kiwe chembamba kama njiti, unapitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa, unalivuta sikio juu na nyuma, unakisukuma ndani na kukishikilia mpaka kivimbe. Wengi hukibandika mlangoni tu kikabaki kinachungulia kama mpangaji anayedaiwa kodi. Shida ya sponji ni kwamba inameza sauti za juu kuliko za chini. Usiku wa kwanza bendi nzima ilikuwa chini ya blanketi, na nilipoitikia kiitikio sauti yangu ilinguruma ndani ya fuvu kama nimo pipani. Niliimba nje ya noti, naambiwa, kwa furaha kubwa.

Baadaye binamu aliniletea kutoka Nairobi vile vya wanamuziki, vyenye kichujio kidogo katikati. Hivyo hupunguza kama desibeli 15 na kujaribu kupunguza zote kwa usawa, kwa hiyo muziki unabaki muziki, umesogea tu mbali kidogo. Fanya hesabu yako: kutoka 100 hadi 85 ni kukunja mara tano, na zile dakika 15 zinakuwa saa 8. Usiku mzima wa matanga. Hiyo ni hesabu ya karatasini, kwa sababu kizibo kilichokaa vibaya hakikupi zote 15, na ukikichomoa robo saa tu uzungumze na shabiki pale pale mbele ya toazi, umeshamaliza posho yako ya siku. Joto la Kisumu nalo lina yake. Jasho linavitelezesha. Kimoja kilinidondokea kwenye pilau ya harusi, nikakitafuta kwa kijiko nikiwa nimetabasamu.

Nilihama pia. Siku hizi nasimama upande mwingine wa dramu, hatua mbili mbele, ili toazi lisiwe shavuni. Nyenje hana dawa, hilo niliambiwa wazi, na kidonge cha kumfukuza hakipo. Usiku nawasha feni, tunalala wote watatu.

Bendini walinicheka, si haba. Mpiga dramu ndiye aliyezidi. "Omera, umezeeka? Ama unatuzibia masikio sisi tusikuombe pesa?" Aliniita fundi wa kisiagi mwaka mzima. Nami nilizoea kubeba jozi mbili tatu za sponji mfukoni, sikumhubiria mtu.

Mwezi uliopita tulikuwa kwenye sherehe huko Mamboleo. Ilifika ile saa ya kutaja majina: mwimbaji amemshika Jaduong' mmoja mwenye suti nyeupe, anamsifu yeye, mama yake na ng'ombe wa babake, sisi tunazungusha mdundo ule ule mmoja hadi mfuko ufunguke. Nikahisi kitu kwenye kiwiko. Mpiga dramu anaendeleza matoazi kwa mkono wa kulia, na wa kushoto ameunyoosha kwangu, kiganja wazi, macho yakitazama kwingine kabisa. Nikampa jozi. Akajaribu kukibandika kimoja kwa mkono mmoja, kikaanguka. Cha pili kikabaki kinachungulia. Basi nikaliacha gitaa lining'inie kwenye mkanda, nikaenda nyuma yake, nikasokota sponji, nikalivuta sikio lake juu na nyuma kama mama anayemtia mtoto dawa, nikakishikilia kizibo kivimbe. Nikahamia sikio la pili. Naye hakukosa pigo hata moja.

Mbele, Jaduong' alikuwa ameshatoa noti ya elfu moja, ameinua juu, anaipunga. Ghafla mkono ukasimama hewani. Akageuka kulitazama jukwaa, amekunja uso.

"Besi iko wapi?"